Muuguzi Anayeonja Kwanza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano. Romana Melkior anapiga magoti kwenye baraza la zahanati ya Kapalamsenga akiwa na kikombe cha bati mkononi. Mbele yake, juu ya mkeka, amelala mvuvi wa makamo ambaye macho yamezama na midomo imepasuka kwa ukavu. Ndugu zake watatu wamemzunguka.

Romana anakunywa funda moja. Ndugu wanamtazama koo mpaka wahakikishe amemeza. Ndipo anakiinamisha kikombe kwenye midomo ya mgonjwa.

"Haya, mpe," anasema kaka mtu.

Mgonjwa anakunywa.

Leo ni siku ya tisa tangu kipindupindu kiingie kijijini hapa, mwezi huu wa Novemba 1978. Wameugua watu arobaini na mmoja, wanne wamezikwa. Dripu ziliisha siku ya tatu, na nyingine zinasubiriwa kutoka Mpanda kwa barabara ambayo anayeijua haisifii. Dawa iliyobaki ni maji: lita moja iliyochemshwa, vijiko vinane vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Sukari yenyewe mwenyekiti wa kijiji ameitoa dukani kwa amri, na walioilalamikia wamejilalamikia wenyewe.

Romana, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, si mwajiriwa wa zahanati hii na halipwi hata senti. Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uuguzi ng'ambo ya ziwa, Zaire. Alikuja likizo kumwona mama yake, akakuta msiba.

Jumatatu ijayo ana mtihani wa mwisho. Ili auwahi, lazima atoke hapa kesho asubuhi, alale Karema, apande meli ya Ijumaa. Akiikosa meli hiyo, ameukosa mtihani, na chuo kimeshamwambia kwamba kosa moja tena ni kufukuzwa.

"Nikibaki, miaka mitatu imekwenda na maji," anasema huku akisuuza kikombe kwa maji ya moto. "Nikiondoka, wataanza tena kumwaga dawa nyuma ya nyumba. Wewe mwandishi ungefanyaje?"

Mwandishi wa makala haya aliliandika swali hilo daftarini.

Kumwaga dawa si maneno tu. Siku mbili za kwanza baada ya dripu kuisha, kabla Romana hajafika, dresa wa zahanati, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, Bwana Telesphor, aliwagawia wagonjwa maji hayo akiwa amesimama mbali, mkono umenyooka. Walipokea, wakashukuru, wakamwaga. Ilikwisha kusemwa kijijini kwamba dokta huyo anawamalizia watu. Wawili kati ya wale wanne walikufa siku hizo.

Romana aliposikia, anasema, alikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Aliyaona hayo hayo mwaka jana, na safari ile aliyesimama mbali ni yeye.

Walikuwa wanafunzi watano waliojitolea kutumia likizo yao katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Zaire, ambako kipindupindu kilikuwa kinafagia nyumba hadi nyumba. Romana alikwenda kwa kiherehere cha ujana. Mwaka wa kwanza alilizwa na Kifaransa cha chuoni, wa pili akakizoea, na sasa alitaka kuvaa gauni jeupe mbele za watu. Chuoni walikuwa wamefundishwa kwamba hakuna kinachopita mdomoni mwa muuguzi akiwa kazini. Aliishika sheria hiyo kama katekisimu.

Mgonjwa wake mmoja aliitwa Mzee Kisimba. Romana alipompa kikombe, mzee alimwuliza, "Wewe hunywi?"

"Nikamweleza sheria. Nilieleza vizuri kabisa, mwalimu angenipa maksi zote," anasema Romana. "Akageukia ukutani. Asubuhi nikamkuta amekufa, kikombe kimejaa pale pale kichwani pake."

Ndipo akakumbuka kwao. Nyumbani kwa Melkior, kama kwa jirani yeyote wa huku, mgeni hapewi pombe kabla mwenye nyumba hajainywa mwenyewe mbele yake. Huwezi kumwonjesha mwingine kwa niaba yako, wala kuapa hakutoshi. Anayetoa ndiye anayeonja.

"Mimi mtoto wa Melkior! Tangu nipate akili sijaona baba akimpa mtu kata ya pombe kabla ya kuinywea. Gauni jeupe likanisahaulisha." Anafuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ni safi na anataka ibaki safi. Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa.

Kuanzia asubuhi ile alionja kila kikombe, kikiwa kimechemshwa na kabla mgonjwa hajakigusa. Wagonjwa wakanywa. Daktari msimamizi alipomwona, akamwandikia barua ya onyo. Barua hiyo ipo nyumbani, sandukuni mwa mama yake, hadi leo. Kwa kuwa ni ya Kifaransa na ina mhuri, mama huwaonyesha wageni akidhani ni ya pongezi.

Hapa Kapalamsenga, Bwana Telesphor haoni haya kusema anaogopa. "Nina watoto saba, ndugu yangu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne kwa sheria ile ile. Huyu binti ni jasiri, lakini mimi ujasiri wangu unaishia kwenye sindano."

Saa nane mchana, Romana akiwa nyumba za mbali kuwaangalia wagonjwa wasioweza kubebwa, machela inaingia. Juu yake yuko Mzee Bartolomeo, hajiwezi. Mkewe, Bibi Katarina, anatembea pembeni akimshika kidole.

Bwana Telesphor anajaza kikombe, ananyoosha mkono. Bibi hakipokei.

"Yuko wapi binti wa Melkior?"

"Amekwenda mbali, mama. Mpe anywe, anakauka."

"Onja kwanza, mwanangu."

"Mama, sheria ya kazi…"

"Nyie na sheria zenu. Mimi nina huyu mmoja tu. Onja."

Mzee Bartolomeo anakoroma. Watu baraza zima wamegeuka. Jasho linamtiririka Bwana Telesphor mpaka kwenye kola. Anakitazama kikombe alichokichemsha mwenyewe, akiyajua maji aliyoyakoroga mwenyewe. Kisha anafumba macho na kunywa. Hakunywa funda, amekunywa kikombe kizima, pengine kwa hofu.

"Sasa umemmalizia," anasema Bibi Katarina. "Jaza kingine." Bwana Telesphor anajaza, anaonja tena, safari hii funda moja. Bibi anakipokea kwa mikono miwili.

Romana anarudi jua likiwa limeinama, anakuta Bartolomeo yuko kikombe cha tisa. Cha kumi Bwana Telesphor anakionja mbele ya macho yake. Anakaa chini ukutani na kulia waziwazi, na hakuna anayemnyamazisha.

Alhamisi asubuhi sanduku lake liko mlangoni. Anasema akifaulu atarudi kuomba kazi hapa hapa. Ataomba pia kusema na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata nusu saa tu, kuhusu Mzee Kisimba. "Wakinipa barua nyingine, nitaiongeza kwenye lile sanduku la nyumbani. Mama atafurahi."

Bwana Telesphor anatoka na chupa ya maji yaliyochemshwa. Anang'oa kizibo, anakunywa funda moja mbele yake, anameza, kisha anamkabidhi.

"Ya njiani, mwanangu," anasema.

Romana anaipokea kwa mikono miwili, anakunywa, na kushika njia ya Karema.