Nilivyomwona Mama Makuru wa Natta Akirudisha Maneno

Niliondoka Nyakunguru kwa sababu ya baba. Akina mama wa kitongoji chetu walitaka nigombee uenyekiti, baba akasema, "Mwanamke asimame mbele ya wazee? Tutachekwa hadi Sirari mpakani!" Bila baraka yake nisingeweza, nampenda mno. Shangazi akaninong'oneza, "Nenda Natta kwa rafiki yangu Mama Makuru, diwani. Ukimwona kazini utajua la kufanya."

Asubuhi nilipanda pikipiki hadi barabarani, kisha basi la Mugumu. Tulipovuka Mto Mara nilichungulia dirishani kama mbuzi sokoni. Mbele nikaliona bwawa la Manchira likimeremeta, nikajisemea, siku moja nami nitawaletea watu wangu maji! Kuota hakulipiwi nauli.

Mugumu nikaunganisha gari, Natta nikafika jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unajua kusonga ugali?"

Tukasonga. Akanisimulia kuwa na yeye, Mnata wa pale pale, alianzia jikoni, kwenye kambi ya watalii. Wapishi wenzake walimtuma awasemee kwa meneja. Kijiji kikasikia, kikampa uenyekiti wa kitongoji, halafu udiwani wa kata. Sasa madiwani wenzake wamemchagua makamu mwenyekiti wa halmashauri. Nilimkodolea macho hadi ugali ukashika chini.

Kesho yake alikuwa na mkutano. Wakulima walikuwa wamelima njia ya ng'ombe ya kwendea mtoni. Mzee mmoja mfugaji akafoka, "Diwani wa wakulima huyu! Ng'ombe wetu wanywe machozi?"

Nilidhani Mama Makuru atamchapa kwa maneno. Wapi! "Baba, umesema ng'ombe wana kiu na mimi napendelea. Ndivyo?"

"Bado! Na njia ililimwa bila sisi kuitwa."

Akalirudia na hilo, mpaka mzee akasema, "Ndivyo." Akamgeukia mkulima mmoja, akafanya vilevile. Hakumjibu mtu kabla mwenyewe hajakubali kwamba amesikiwa. Jua likapanda, watu wakachoka kukasirika. Mwishowe yule mzee na yule mkulima wakaenda wenyewe shambani, wakaupima upana wa njia kwa fimbo moja. Nikamfuata Mama Makuru.

"Mama, umewaroga?"

Akacheka. "Maneno ya mtu yakimrudia mazima, huyapunguza mwenyewe."

Nyumbani nilimkuta baba akitengeneza zizi.

"Baba, umesema nikisimama mbele ya wazee tutachekwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Hadi Sirari."

Akaguna. "Hapo kwa Sirari niliongeza."

"Kwa hiyo tutachekwa hapa hapa."

Akagongagonga mti wa zizi. "Utachekwa wewe. Na mimi nitashindwa kuvumilia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile nilikuwa nikibishana na sauti ya baba; maneno yake sikuwahi kuyasikia. Nikayarudia huku machozi yakinilenga: "Umesema mimi nikichekwa, utaumia wewe."

"Ndivyo," akasema, akanipa ncha ya pili ya ule mti tuuinue pamoja. "Mkutano wako wa kwanza, mimi nakaa mbele. Nimwone huyo wa kucheka."