Chonge za Mdogo Wangu

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinitembelea hapa mjini, mtaani Kyebando, muwa mzima begani kama bunduki. Ni polisi, basi mzaha huo ni wake. Tuliketi kibarazani, akaanza kuumenya kwa meno. Chonge zikazama, ganda likachanika hadi kwenye fundo, nami nikajikuta kijijini kwetu kaskazini, niko darasa la nne.

Kila Jumatatu, rafiki yangu, tulijipanga mstari kukaguliwa meno, kila mtoto na kijiti chake cha mswaki alichokitafuna ncha hadi ikawa nyuzinyuzi. Mimi nilifungua mdomo nusu tu, kwa aibu. Chonge sikuwa nazo. Nilipokuwa mchanga nilishikwa na homa, jirani yetu mganga akanichimbua ufizi kwa spoku ya baiskeli, akavitoa vijino vya chonge visivyoota bado. Watu waliviita meno ya plastiki, wakiamini ni wadudu wanaoua watoto. Mwalimu hakunicheka. Alimenya hindi changa mbele ya darasa, akatuonyesha punje nyeupe, laini.

"Meno ya mtoto yako hivi ndani ya ufizi," alisema. "Ukichokoa leo, utavuna nini?" Kisha akatukumbusha kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Muhula huohuo mdogo wangu, wa miezi mitano, akapata homa, ufizi umevimba. Jirani akaja na spoku yake, keshainoa. Wakubwa wote walimsikiliza yeye; mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji. Nilikimbia shambani, nikavunja hindi changa, nikalimenya mbele ya bibi yetu huku nikirudia maneno ya mwalimu. Halafu nikapanua mdomo wote, ayaone mapengo yangu. Bibi hakuwahi kukanyaga darasa. Alilitazama hindi, akanitazama mimi, akamfunga mtoto mgongoni.

"Tunakwenda zahanati," alisema.

Ilikuwa malaria. Jirani hakutusalimia hadi mavuno.

Bibi hayupo tena, wala mwalimu. Shule ina mabati mapya, na mstari wa Jumatatu nasikia ulikwisha. Lakini nikilitazama jitu hili likichana muwa, najivunia, wala sifichi.

Alipofika fundo la pili alikata kipande cheupe, akaninyooshea, kama anavyofanya tangu chonge zake zilipoota.

"Dada, kamata hii. Ganda nimetoa."