Mwanangu mwenye usonji aliota miembe ya Ujiji, akamsimulia mke mwenzangu badala yangu

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Leo siongelei siasa. Nina donge rohoni, na bora nilitemee humu kuliko nilitemee sebuleni kwangu. Kila nitakachoandika kimetokea. Anayeona ni chai asinywe.

Iko hivi. Mimi ni bi mkubwa. Mume wangu ana duka la nafaka Kanyenye, hapa Tabora mjini. Mimi nakaa Cheyo, mke mwenzangu Zuhura anakaa Ipuli. Mzee analala kwetu kwa zamu, siku mbili mbili.

Mwanangu Sudi ni mtu mzima, ndevu zimejaa kidevuni. Ana usonji.

Kwa Sudi utaratibu ukishawekwa umewekwa. Tangu baba yake aoe mke wa pili, naye anashika zamu. Siku za Ipuli anabeba begi lake anamfuata baba yake. Siku hizo hata nimpelekee mlenda wa karanga anaoupenda kuliko vyote, hagusi.

"Leo si Cheyo, mama." Basi, imeisha hiyo.

Mume nilishazoea kugawana. Mtoto, hapana! Waliozaa watanielewa.

Sasa bwana, asubuhi moja Zuhura ananipigia simu, furaha tupu.

"Dada, Sudi kaota! Kanisimulia ndoto nzima, mwanzo mpaka mwisho!"

Ndoto yenyewe ni ya miembe. Wa Tabora mnaijua, ile mikubwa iliyopandwa kando ya njia ya misafara ya zamani. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu njia ile. Sudi tangu shule ya msingi swali lake ni moja: miembe inaishia wapi? Ndotoni akaona inaishia Ujiji, yeye anatembea chini yake mpaka miguu inaingia ziwani.

Nikamwambia Zuhura, "Hongera." Nikakata simu nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Wakuu, mimi ndiye niliyembeba Sudi mgongoni hospitali hii na ile. Mimi ndiye niliyegombana na majirani waliosema mtoto karogwa. Halafu ndoto yake anapelekewa mwanamke aliyemkuta tayari anajifunga viatu mwenyewe!

Mzee aliposikia akasema twende Ujiji, familia nzima. Akakodi gari la Noah na dereva.

Nikachungulia kalenda. Siku ya kufika Ujiji ilikuwa zamu ya Ipuli. Maana yake Sudi angetembea chini ya miembe yake na Zuhura, mimi nyuma nashika pochi.

Nikamwambia mzee gauni langu halijatoka kwa fundi, tusogeze mbele kidogo. Mzee wa watu akasogeza. Ujiji ikaangukia siku ya pili ya zamu yangu.

Ndiyo, nilifanya. Nipigeni mawe.

Safari ikaanza vizuri mno. Urambo tumepita, Kaliua tumepita, Sudi kakaa pembeni yangu anakula karanga zangu. Zuhura siti ya nyuma anakodolea dirisha. Roho yangu kwatu.

Halafu gari likachemsha. Katikati ya pori, moshi unatoka mbele. Fundi alivyopatikana na kumaliza kazi, jua limeshazama. Tukalala gesti Uvinza.

Asubuhi nafungua mlango, namkuta Sudi amesimama na begi lake. Mlangoni kwa Zuhura.

Zamu imehama. Ujanja wangu wote umeishia Uvinza kwenye machimbo ya chumvi.

Tulipofika Ujiji, ile barabara ya miembe kuelekea ziwani, Sudi akatangulia na Zuhura wake. Anatembea kwa ncha za vidole vya miguu kama afanyavyo akifurahi sana, anagusa kila shina. Mimi nyuma na mzee. Nikalia, tena kwa sauti, watu wakageuka.

Zuhura akageuka naye. Akanitazama, akamshika Sudi mkono wa shati.

"Sudi, zamu yangu ya leo nimempa mama yako."

Hii kwetu inaruhusiwa, mke anaweza kumpa mwenzake siku yake. Nilipofiwa Sikonge niliwahi kumpa yeye, na Sudi alikuwepo.

Sudi akawaza. "Umetoa kwa hiari?"

"Kwa hiari, baba."

Akahamisha begi bega la pili, akaja upande wangu. Tukatembea mimi na mwanangu mpaka mwisho wa miembe.

Mngedhani nilimshukuru Zuhura. Thubutu! Wivu ukazidi. Yaani hata roho nzuri anayo yeye?

Ziwani Sudi akavua viatu, akaingia mpaka magotini. Nikamfuata na gauni langu lile la fundi. Nikamuuliza lililokuwa linanichoma.

"Sudi, mbona ndoto ulimwambia mama mdogo, mimi hukuniambia?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama maji yanavyozunguka miguu yake.

"Mama mdogo asubuhi anauliza nimeota nini. Wewe unauliza nimepiga mswaki."

Nikainama nikamkunjia suruali iliyokuwa inalowa.

Somo nililolipata ni dogo tu: mtoto, hata awe na ndevu, anampa mtu kile anachoulizwa. Kuzaa peke yake hakutoshi. Lakini msinidanganye kwamba wivu umeniisha, bado upo palepale.

Tumerudi Tabora. Sasa kila asubuhi ya Cheyo, kabla ya mswaki, nakaa kitandani kwake nauliza, "Umeota nini, mwanangu?" Siku nyingi ananiambia hakuota.

Juzi akatabasamu. Nikamsogelea.

"Nimeota mama mdogo anapika chapati."

Wakuu, chapati! Nikamuuliza, "Zilikuwa nyingi?"

Akanisimulia chapati zote, mwanzo mpaka mwisho.

Haya, bi wakubwa wenzangu mko wapi? Na wenye vijana kama Sudi, njooni mseme. Nyie asubuhi mnawauliza nini?