Soja Asiyeshika Chupa

Soja wa geti la chuo hatulii. Anapiga hatua tatu, anarudi, anaangalia saa iliyokufa zamani. Kila mwanafunzi anayeingia lazima afungue chupa yake ya maji na kuonja mbele yake. Uso wa mwanafunzi ukikunjamana, soja anaficha mikono mgongoni: "Mwaga kwa maua, kijana. Mimi sishiki." Maua yenyewe siku hizi yanalewa kabla ya saa nne, na wanafunzi wanasema Mzee ana maringo kushinda prinsipo. Ni Rosebella wa kantini pekee anayejua kwamba ana miezi kumi na minne tangu aache pombe.

Ijumaa mwanafunzi mmoja, Munene, alimsukumia chupa iliyo wazi kifuani. "Shika mwenyewe, Mzee! Ama unaogopa maji?" Pombe ya chang'aa ikamwagikia mkono wa koti. Soja akaikodolea chupa macho, mikono mgongoni.

"Ichukue, kijana. Ichukue sasa hivi."

"Nilikuwa natania tu, Mzee," Munene akasema, sauti imeshuka, akaenda kuimwaga.

Soja akavua koti, akalitundika nje ya geti, mbali na pua yake. Mvua ya Eldoret ikamkuta na shati tu, akikagua chupa mpaka jioni.