Maua Kwenye Ndoa ya Bibi Boke

Gidion wa Turwa alihitimu sanaa kwa tasnifu nzito kuhusu namna utamaduni wa kigeni unavyoathiri katuni za habari za kweli. Humo aliwaonya sana wachoraji wa Kiafrika wasiige. Kisha akarudi nyumbani, akakaa mezani, akaiga.

Hakujua kama anaiga. Kuchora alijifunzia kwenye katuni za Kijapani alizozisoma kwa kujificha tangu sekondari, na mkono wake haukuwa umeisoma ile tasnifu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa maisha ya Bibi Boke wa Nyanungu. Bibi huyo alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, akafanya kama mila ya Wakurya inavyoruhusu: alitoa ng'ombe, akamwoa msichana aitwaye Wegesa, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndoa ya namna hiyo huitwa nyumba ntobhu. Sasa watoto wa Wegesa, wajukuu wa Bibi, walikuwa wakitaniwa shuleni kwamba hawana kwao, na Bibi alitaka kitabu cha picha cha kuwafunga midomo watani. Sharti lake lilikuwa moja: asipouona ukweli wake mle ndani, kitabu hakitoki.

Gidion alipanda bodaboda na kurasa zake, akijiona balozi. Alipofika alitoa shikamoo mara mbili, ya pili ikiwa ya ziada, akazipanga picha kwenye mkeka.

Bibi alizitazama moja moja mpaka akafika kwenye ndoa. Hapo yeye na Wegesa walikuwa wanatazamana, mashavu yameiva kwa haya, macho makubwa kama visahani yanametameta, na hewa yote imejaa maua yanayopeperuka. Gidion aliupenda ukurasa huo kuliko zote. Aliuchora huku akipiga mluzi.

Wegesa akachungulia, akaziba mdomo kwa kanga. Akauliza kama huyo mwenye macho ya bundi ndiye yeye. Akasema watu wakiiona hii watadhani Bibi alimtongoza kisimani.

Bibi hakucheka.

"Mjukuu wangu, haya maua yalitoka wapi?"

Gidion akaanza kueleza habari za hisia, ishara na lugha ya picha. Alipojisikia akitamka "kimuktadha," akanyamaza mwenyewe.

"Mimi sikutoa maua," Bibi akasema. "Nilitoa ng'ombe, wazee wakishuhudia. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Hawakuwepo. Katika habari nzima ya ndoa ya Kikurya hapakuwa na hata mkia. Kwenye zile katuni zake hakuna aliyeoa kwa ng'ombe, na yeye, Mkurya ambaye mama yake aliolewa kwa ng'ombe, hakushtuka.

Aliomba kuuchora upya palepale. Akaweka zizi, akaweka wazee, akamweka Bibi na fimbo yake. Maua akayaondoa. Lakini mkono ni uleule: ng'ombe wa mbele alitokea na macho mapana yenye nyota ndani na kope ndefu, kama anayetaka kulia. Gidion akachukua ufutio kwa aibu.

Bibi akamshika kiganja.

"Huyo mwache. Alinitazama hivyohivyo siku namtoa zizini."

Kitabu kikatoka. Wajukuu wanatembea nacho shuleni, na kila anayekisoma humsifu yule ng'ombe. Gidion huitikia asante, na hadi leo mhadhiri aliyeisimamia ile tasnifu yake hajatumiwa nakala.