Ukuta wa Chumba cha Mbele

Siku tuliyokandika ukuta tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu watatu, na jirani yetu, mwanamke wa kaskazini aliyeolewa na askari. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili wadogo wasome. Karo yao ilitegemea kupangisha chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kasubi, lakini kuta zilikuwa zimebanduka na saruji haikupatikana madukani.

“Saruji ya nini?” jirani alicheka. “Kwetu asiyejua kukandika haolewi.”

“Basi dada tutazeeka naye hapa hapa,” mdogo wangu akasema.

Tulichanganya udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu. Jirani alitufundisha kulainisha ukuta kwa kiganja, kisha kwa jiwe la mtoni. Mwisho tukapaka chokaa iliyotiwa uji wa muhogo ili ishike. Mwalimu mmoja alikuja kukiona chumba, akapitisha mkono ukutani, akahamia wiki hiyo hiyo. Wadogo zangu wakabaki shuleni.

Kwao jirani, kazi ya mikono hulipwa kwa kazi ya mikono, kwa hiyo tuliahidi kukandika kuta za jiko lake. Kabla hatujaenda, mumewe alihamishiwa kambi ya mbali, naye akamfuata. Siku moja ya kukandika bado ananidai.