Blanketi la Pitchou

Pikipiki iliyomrudisha Pitchou kutoka Salamabila iliingia kijijini asubuhi. Alikuwa amekaa kati ya dereva na kaka yake Fidèle, amezungushiwa blanketi la bluu na kufungwa kamba, kichwa kikigongagonga mgongo wa dereva. Watoto walicheka, wakidhani amelewa.

Marcelline, jirani yao, aliacha ufagio uanguke. "Fidèle, alikufa na nini?"

"Tumbo, mama. Ilimukamata jioni. Alfajiri ilimukuta amekauka kama samaki ya Nyangwe."

Kolera. Marcelline, mkulima wa muhogo, ndiye aliyeongoza kikundi cha wajitolea wa afya cha kijiji. Wao ndio waliochimba vyoo, wao ndio walioijengea chemchemi mawe na bomba. Kituo cha afya kilikuwa mbali, upande wa Wamaza, na hakikuwa na chupa hata moja ya maji ya mshipa. Hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa njiani kuja. Kikundi kisiposimama, nani angesimama?

"Sifa, chota maji mengi kwenye bomba," alimwambia binti yake. "Watu wa kilio watakuwa na kiu."

Desturi aliijua. Wakishazika, waombolezaji wote huteremka kuoga pamoja kwenye kijito kinachopita juu ya chemchemi na kupenyeza maji yake humo, ili kifo kisiwafuate nyumbani. Safari hii kingewafuata ndani ya bomba.

Akaigonga rimu ya lori iliyotundikwa kanisani kama kengele. Wenzake wakaja mbio, akina mama wa kanisa na vijana wa msikiti. Walipanga mabeseni ya maji yenye klore, dawa ya kuua vijidudu, karibu na makaburi, kisha wakaiziba njia ya kijito kwa miili yao.

"Marcelline!" Baada ya maziko, shangazi wa marehemu alimsogelea, machozi hayajakauka. "Wazungu wako wamekutuma utukataze kilio?"

"Hapana muzungu hapa, mama. Iko mimi. Nitukane, lakini oga hapa."

"Hii maji inanuka lopitali!"

"Inuke tu. Kesho utanitukana tena, ukiwa muzima."

Mtu akacheka puani. Shangazi akasonya, akatumbukiza mikono. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka Fidèle.

Marcelline alianza kupumua vizuri. Ndipo akakumbuka. "Fidèle, ile blanketi iko wapi?"

"Niliifula."

"Wapi?"

Fidèle aliinamisha macho. "Kule juu, kwenye munalowekaka mihogo. Mulikuwa munachimba kaburi. Ilikuwa imechafuka, mama. Nilisikia haya watu wamuone ndugu yangu vile."

Kule juu kwenye kijito, juu ya chemchemi, blanketi la bluu lilikuwa limeanikwa kichakani, bado likidondosha maji.

Marcelline alikimbia nyumbani. Mabidoni ya maji yalikuwa mlangoni, karibu yote matupu. Sifa alikuwa akisuuza vikombe.

"Nani alikunywa?"

"Watu wote, mama. Na miye. Jua iko kali. Kuna nini?"

Marcelline alirudi kwenye rimu, akaokota chuma, akagonga. Watu walikusanyika wakamzunguka, wakamwomba aache, wamesikia. Akaendelea kugonga.